Tatiana Samoilova wa "Korongo Wanaruka": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtu akimaliza kuangalia filamu moja ya Kirusi ya mwaka 1957, swali la kwanza huwa lilelile: huyu dada ni nani, na mbona sijawahi kumsikia? Ya pili na ya tatu hufuata. Hapa yamekusanywa yale yanayojirudia zaidi, kuanzia ya msingi hadi ya ubishi. Majibu ya swali la 5 hadi la 8, pamoja na la 13 na la 18, yanafichua kisa cha filamu hiyo, kwa hiyo asiyependa kuharibiwa utamu aanzie swali la 17, aiangalie, kisha arudi.

## Ya msingi

1. Tatiana Samoilova ni nani?

Ni mwigizaji wa filamu wa Umoja wa Kisovyeti. Alizaliwa Leningrad, mji ambao leo unaitwa Saint Petersburg, tarehe 4 Mei 1934. Alifariki Moscow tarehe 4 Mei 2014, siku aliyotimiza miaka 80.

Anakumbukwa kwa wanawake wawili aliowaigiza: Veronika katika *Korongo Wanaruka* (kwa Kirusi *Letyat zhuravli*, 1957) na Anna katika *Anna Karenina* (1967), iliyotokana na riwaya ya Leo Tolstoy. Kati ya hao wawili ipo miaka kumi, na wapo wanaoandika kana kwamba maisha yake yote ya sinema yaliishia humo. Wamekata kona, ingawa si mbali sana na ukweli (tazama swali la 14).

2. Mbona jina lake linaandikwa namna nyingi?

Kwa sababu Kirusi kina herufi zake, na kila anayelihamisha jina kwenda herufi zetu anafuata sikio lake. Utakuta Samoilova na Samoylova, Tatiana, Tatyana na Tatjana. Ni mtu yuleyule.

Jina lake kamili ni Tatiana Yevgenyevna Samoilova. Hilo la katikati linawasumbua Wazungu wa magharibi, lakini sisi halitupi shida: ni Tatiana binti Yevgeny. Na "Samoilova" ni umbo la kike la "Samoilov", ndiyo maana baba ana jina fupi na binti ana herufi moja zaidi.

3. Alitoka familia ya wasanii?

Ndiyo. Baba yake, Yevgeny Samoilov (1912–2006), alikuwa nyota kabla binti hajajua kusoma. Mwaka 1939 aliigiza uhusika mkuu katika *Shchors*, filamu ya Oleksandr Dovzhenko kuhusu kamanda wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na baadaye akawa sura iliyozoeleka kwenye filamu za mapenzi na za vita. Alikuwa mwanamume mtanashati wa aina iliyopendwa enzi za Stalin: kifua mbele, macho juu, tabasamu la ushindi.

Ukiziangalia filamu za baba na za binti kwa kufuatana unaona jinsi nchi ilivyobadilika ndani ya nyumba moja. Baba aliigiza watu wasio na shaka. Binti alipata jina kwa kuigiza mtu aliyekosea na ambaye hakujua la kufanya.

4. Alisomea wapi uigizaji?

Alianza na baleti, na mwendo wake mbele ya kamera haukuwahi kuisahau. Kisha akaingia Shule ya Shchukin, iliyo chini ya Ukumbi wa Vakhtangov jijini Moscow. Shule hiyo haikupenda wanafunzi wake waigize filamu kabla ya kumaliza masomo, na Samoilova aliigiza. Mwaka 1955 alionekana katika *Meksikanets*, filamu iliyotokana na hadithi ya Jack London, na miaka miwili baadaye ikaja ile iliyobadilisha kila kitu. Shchukin hakumalizia. Masomo yake aliyakamilisha baadaye katika chuo cha GITIS.

## Korongo Wanaruka

5. Filamu inahusu nini?

Moscow, Juni 1941. Veronika na Boris wanapendana, na Boris anamwita Veronika kwa jina la utani, Belka, yaani kindi. Vita vinaingia. Boris anajitolea kwenda jeshini bila kumwambia hadi dakika za mwisho, na siku ya kuondoka wanakosana katikati ya umati: Veronika anamtafuta, anarusha pakiti ya biskuti, biskuti zinakanyagwa na mabuti ya wanaojiunga. Hawaonani tena.

Kwetu, aliyekulia vibanda umiza anajua kuwa stelingi hafi. Hapa stelingi anakufa mapema, kwenye matope ya msitu, akitazama vilele vya miti vikizunguka juu yake. Sisi tunaona. Veronika hajui, kwake Boris "hajulikani alipo" tu. Wazazi wake wanauawa kwa bomu, anachukuliwa na familia ya Boris, na usiku mmoja wa mashambulizi ya anga binamu wa Boris, Mark, anamlazimisha. Anaolewa na Mark huyo. Sehemu iliyobaki ni ya mwanamke anayeishi na ndoa asiyoitaka, huku akimsubiri marehemu.

Boris aliigizwa na Aleksei Batalov, na baba yake Boris, daktari, na Vasily Merkuryev. Mwongozaji ni Mikhail Kalatozov, mzaliwa wa Tbilisi. Kisa kilitokana na tamthilia ya Viktor Rozov, mwandishi ambaye mwenyewe alijeruhiwa vitani.

6. Kwa nini korongo? Na kwa nini Wafaransa wana ndege mwingine?

Veronika ana kishairi cha kitoto kuhusu korongo wanaopita angani kama merikebu. Ndege hao wanaonekana mwanzoni, wapenzi wakiwa wawili, na mwishoni, mmoja akiwa peke yake.

Ufaransa filamu hiyo iliitwa *Quand passent les cigognes*, na *cigogne* ni ndege mwingine, yule mweupe mwenye mdomo mwekundu anayejenga kiota juu ya mabomba ya moshi. Sababu inachekesha: neno la Kifaransa la ndege wa Kirusi, *grue*, mitaani lina maana ya kahaba. Hebu fikiria bango la sinema.

Kiswahili hakikupata tatizo hilo. Sisi tunasema korongo kwa yule anayesimama kwenye bendera ya Uganda na korongo tena kwa wale weupe wanaokimbia baridi ya Ulaya na kushuka hadi Serengeti. Kwa mara moja, ufinyu wa msamiati umetupa tafsiri inayofaa Moscow na Paris kwa pamoja.

7. Mbona filamu yenyewe iliwashtua watu huko kwao?

Kwa sababu ya ile ndoa. Mashairi na nyimbo za wakati wa vita ziliwataka wanawake wa Kisovyeti wasubiri, na kusubiri kwao kulihesabiwa kuwa ngao ya askari. Veronika hakusubiri. Wapo wakosoaji waliomhukumu kama vile ni jirani yao.

Stalin alikufa Machi 1953, na Februari 1956 Khrushchev, kiongozi aliyemfuata, akamshutumu mbele ya chama. Sinema ilianza kupumua. Filamu za vita za kabla ya hapo zilikuwa na majenerali, ramani na ushindi. Hii ina korido, foleni na dirisha lililofunikwa karatasi. Zaidi ya watazamaji milioni 28 waliingia kuiona nchini humo, wengi wao watu waliompoteza mtu.

Tukio linaloeleza yote liko hospitalini. Askari majeruhi amepata habari kwamba mchumba wake ameolewa, anapiga kelele anataka kufa. Baba yake Boris, ambaye ndiye daktari mkuu, anamtuliza kwa kuwalaani wanawake wasiosubiri: hawastahili kusamehewa. Veronika amesimama pembeni akisikiliza. Mzee hakumlenga yeye, na hilo ndilo linalouma zaidi. Anatoka mbio kuelekea reli, treni inakuja, halafu anamwona mtoto mdogo katikati ya barabara na gari linamjia. Anamwokoa. Jina la mtoto ni Boris.

Yupo atakayesema sadfa hiyo imezidi. Imezidi kweli. Lakini ukiitazama sura ya Samoilova wakati anauliza jina la mtoto, utaisamehe. Filamu nzima inakaa juu ya uso huo, na kamera haimhukumu hata mara moja. Samoilova alikuwa akisimulia kwamba huko Ujerumani Mashariki alizawadiwa saa ya mkononi iliyochorwa maneno ya shukrani kwa kuonyesha, hatimaye, uso badala ya barakoa katika filamu ya Kisovyeti.

8. Zile picha za ngazi na za umati zilipigwaje?

Jina la kukumbuka ni Sergei Urusevsky, mpigapicha aliyewahi kushika kamera kwenye uwanja wa vita. Ile ngazi ya mzunguko ambayo Boris anaipanda mbio, kamera inapanda naye ikizunguka, ghorofa baada ya ghorofa. Wakati wa kufa kwake ngazi hiyo inarudi, ikichanganyika na miti inayozunguka, na harusi ambayo haitafanyika.

Ya umati ni ngumu zaidi kuliko inavyoonekana. Veronika yuko ndani ya basi, kamera iko naye mkononi mwa mpigapicha. Anashuka, kamera inashuka, anapenya katikati ya watu, halafu ghafla tunapaa na kumwona kutoka juu akikimbia katikati ya vifaru. Hakuna mkato. Mpigapicha alishuka basi, akapita umati, akapanda winchi, yote kwa mkupuo mmoja, miaka mingi kabla ya vifaa vya kutuliza kamera tunavyovijua leo. Na mwigizaji hakuruhusiwa kukosea hata hatua moja. Hapo ndipo ile baleti (swali la 4) ilipolipa.

Kalatozov na Urusevsky waliendelea na michezo hiyo hadi Kuba, walikopiga filamu nyingine maarufu mwaka 1964, lakini bila Samoilova.

9. Alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike Cannes?

Hapana, hakuishinda katika tamasha hilo la filamu la Ufaransa, na kosa hili linarudiwa hata na wanaojua filamu. Mwaka 1958 tuzo hiyo ilikwenda kwa kundi zima la waigizaji wanne wa filamu ya Ingmar Bergman, Bibi Andersson na Ingrid Thulin wakiwemo. Samoilova alipewa kutajwa kwa heshima maalumu. Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha, ilikwenda kwa filamu, yaani kwa Kalatozov.

10. Ni kweli hiyo ndiyo filamu pekee ya Kisovyeti kupata Palme d'Or?

Kweli, ukizingatia jina la tuzo. Mwaka 1946 tamasha la Cannes liligawa tuzo kuu, iliyoitwa Grand Prix, kwa filamu kadhaa kwa pamoja, na moja ilikuwa ya Kisovyeti, ya Fridrikh Ermler. Jina la Palme d'Or lilianza 1955. Tangu hapo hadi nchi hiyo ilipovunjika, ni *Korongo* peke yake.

## Baada ya Cannes

11. Mbona hakwenda Hollywood?

Mwenyewe alisimulia kwamba aliitwa, na kwamba jibu lilitolewa na wakubwa wa sinema kwa niaba yake: bado ni mwanafunzi, ana masomo ya kumaliza. Katika nchi ile mwigizaji hakuwa na wakala wala mkataba wake binafsi na studio ya nje. Mialiko ilipitia kwa dola, na dola ilijibu.

Hata hivyo, picha ya ndege aliyefungiwa kwenye tundu haisimami vizuri. Mwaka 1961 aliigiza Hungaria katika *Alba Regia*, na katikati ya miaka ya 1960 alikuwa katika filamu ya Giuseppe De Santis iliyotengenezwa na Waitalia na Wasovyeti kwa ushirikiano. Mlango ulifunguliwa, ila ufunguo haukuwa wake. Kwa mtu ambaye Ulaya nzima ilikuwa ikimwita mwaka 1958, filamu hizo mbili tatu ni chache.

12. Kuna filamu nyingine aliyoigiza na Kalatozov?

Ipo, *Neotpravlennoye pismo*, yaani *Barua Isiyotumwa*. Watu wanne wanatafuta almasi Siberia, wanazipata, halafu msitu unawaka moto. Samoilova ni Tanya. Pamoja naye wako Innokenty Smoktunovsky, Vasily Livanov na Yevgeny Urbansky. Kisa ni chembamba na wahusika hawakuchimbwa sana. Moto, moshi na barafu ndivyo vinavyoigiza. Iangalie kwenye skrini kubwa kadiri unavyoweza.

13. Anna Karenina zipo nyingi. Yake ni ipi?

Ile ya 1967 ya mwongozaji Aleksandr Zarkhi, ya rangi, ndefu, yenye sehemu mbili. Usiichanganye na ya Greta Garbo (1935), ya Vivien Leigh (1948), ya Sophie Marceau (1997) wala ya Keira Knightley (2012). Nchini kwao ilitazamwa na watu milioni 40 hivi. Ilipangwa kushindania tuzo Cannes mwaka 1968, lakini migomo ya Mei ya Ufaransa ililivunja tamasha njiani.

Mcheza baleti Maya Plisetskaya yumo, akiigiza Betsy, na muziki ni wa mumewe, Rodion Shchedrin, ambaye baadaye aliandika baleti nzima ya kisa hichohicho. Ilichezwa mara ya kwanza ukumbi wa Bolshoi mwaka 1972.

Kwa maoni yangu filamu yenyewe ni nzito kidogo, kama kabati la bibi lenye vyombo vizuri ambavyo havishikwi. Samoilova ndiye anayevunja vyombo. Na ukiwa umeshaona ile ya 1957, kuna kitu kitakukaba koo. Veronika alikimbilia treni akageuka. Miaka kumi baadaye, uso uleule unarudi kwenye reli, na safari hii hageuki.

14. Kisha akapotelea wapi?

Hakupotea kwa siku moja. Aliendelea kuonekana kwa vipindi, kwa mfano katika *Almasi kwa Udikteta wa Wafanyakazi* (1975), lakini uhusika mkuu haukuja tena. Ukifika mwisho wa miaka ya 1970 ukurasa wake wa filamu unakuwa mweupe, na unakaa hivyo miaka mingi. Katika miaka ya 2000 alirudi kwenye sehemu ndogo ndogo, ikiwemo tamthilia ya televisheni *Moskovskaya saga* (2004) na filamu *Nirvana* (2008).

Wengi huuliza kama alipigwa marufuku. Hakuna haja ya kutafuta amri ya siri. Sinema ya miaka ya 1970 huko haikuwa ikiandika visa vya wanawake wa umri wake wenye sura ile, na mwongozaji aliyejua kumtumia vizuri kuliko wote, Kalatozov, alikufa mwaka 1973. Urusevsky alimfuata mwaka uliofuata. Heshima za serikali nazo zilichelewa: cheo cha Msanii wa Watu wa Urusi alikipata mwaka 1993, nchi iliyomfanya nyota ikiwa imeshakufa.

## Maisha binafsi na mambo yanayochanganywa

15. Ni kweli Vronsky alikuwa mumewe?

Alikuwa mtalaka wake. Vasily Lanovoy, anayeigiza Vronsky, mpenzi wa Anna, katika *Anna Karenina*, alikuwa mume wa kwanza wa Samoilova. Walioana wakiwa vijana wa Shchukin, wakaachana miaka kadhaa kabla ya filamu hiyo. Kwa hiyo wale wawili unaowaona wakiangamia kwa mapenzi walikuwa wameshamalizana zamani. Lanovoy alifariki Januari 2021.

Mume wake mwingine, Valery Osipov, ndiye mwandishi wa hadithi iliyozaa filamu ya swali la 12. Samoilova alijaliwa mtoto mmoja wa kiume, aliyehamia Marekani. Amezikwa makaburi ya Novodevichy, Moscow.

16. Ana undugu na Yulia Samoylova, au na Audrey Hepburn?

Na Yulia, mwimbaji aliyeiwakilisha Urusi kwenye Eurovision 2018, hapana. Samoilov ni jina la kawaida Urusi.

Audrey Hepburn anaingizwa kwa sababu ya macho na shingo. Undugu hakuna, ila tarehe ya kuzaliwa wanachangia: Hepburn alizaliwa 4 Mei 1929, miaka mitano kamili kabla. Wote wawili walianza na baleti. Basi, yameishia hapo.

## Kwa anayetaka kuangalia

17. Nianze na ipi, na nitaipata wapi?

Anza na *Korongo Wanaruka*. Ni nyeusi na nyeupe, na inachukua kama saa moja na dakika thelathini na tano. Studio ya Mosfilm yenyewe huweka filamu zake za zamani kwenye chaneli yake ya YouTube, nyingi zikiwa na maandishi ya tafsiri chini ya picha. Usisubiri ije na sauti ya DJ juu yake, kwa sababu nusu ya filamu hii iko kwenye vituo vya kimya.

Ya pili iwe *Barua Isiyotumwa* ukipenda picha, au *Anna Karenina* ukimpenda yeye. Ukichagua Anna, iangalie jioni mbili, sehemu ya kwanza leo na ya pili kesho.

18. Mbona mwishoni anagawa maua kwa watu asiowajua?

Swali hili linaulizwa na walioangalia huku wakipokea simu. Vita vimekwisha, treni la askari limefika Moscow, na Veronika amekuja na maua ya Boris. Ni hapo kituoni rafiki wa Boris anapomthibitishia kwamba amekufa. Maua bado yako mkononi. Umati unafurahi, na yeye analia katikati yao, mpaka mzee mmoja anamwambia ampe anayestahili. Anaanza kuyagawa, ua mojamoja, kwa askari, kwa bibi, kwa mtoto mchanga aliyebebwa, kisha watu wanainua vichwa kutazama juu.